Kwenda kwenye Maji Bila Bidoni

Nazungumza nanyi wa Kanyaruchinya, wa Kibati, wa Munigi na wa Buhene, na wewe uliye ndani ya mji wa Goma, unayetusikiliza huku ukipepea makala ili chai iive. Leo ni siku ya posho, na kama kawaida yetu tunakaa pamoja kidogo, tulizungumze jambo moja hadi mwisho. Jambo la leo ni safari. Nataka tupange safari ya kwenda kuona maporomoko ya maji.

Najua kuna aliyeshtuka. Ngojeni niwaeleze lilikoanzia.

Asubuhi moja nilikuwa nimesimama kwenye mstari wa maji pamoja na jirani zangu. Mnaujua mstari huo: bidoni za njano za lita 20, kila moja na alama yake isije ikapotea. Hii imefungwa uzi mwekundu kwenye mshikio, ile imechomwa kwa msumari wa moto herufi mbili za jina la mama mwenye nyumba. Maji yalikuwa hayajafika. Katika kungoja, nikatoa simu nikamwonyesha kijana wa jirani video ya Maporomoko ya Murchison, kule Uganda, mahali ambapo mto Nile unabanwa na miamba kisha unaanguka kwa kishindo. Mdogo wake, msichana wa miaka kama minane, akaingiza kichwa katikati yetu akatazama. Alitazama hadi video ikaisha. Kisha akaniuliza: "Sasa nani anafunga robine?"

Watu wazima wakacheka. Mimi nilinyamaza, kwa sababu swali lilikuwa la haki. Mtoto huyo amezaliwa juu ya mawe ya volkano. Maji anayoyajua yana saa yake na bei yake, na kuna mtu mwenye ufunguo. Maji yanayokwenda usiku na mchana bila mtu kuyafunga hajawahi kuyaona.

Angalieni nchi yetu. Hapa tulipo, kilomita chache kaskazini ya mji, mvua si haba. Inagonga mabati hadi tunashindwa kusikilizana, lakini ikikatika, haichukui muda ardhi imekauka. Maji yameingia kwenye nyufa za lava na kushuka chini kwa chini hadi ziwani. Kijito hakuna, mto hakuna, hata bonde la kukusanya maji hakuna. Ndiyo maana tunakinga mvua kwa mabati, tunanunua maji yanayoletwa kwa chukudu, na tunangoja yale yanayosukumwa kwa pampu kutoka Ziwa Kivu. Mtu wa hapa anaweza kuzeeka akiwa na bidoni begani na asijue sauti ya mto.

Nilipoanza kulisema wazo langu la safari, mzee mmoja wa mtaani alitikisa kichwa. "Mwanangu," akasema, "sisi tumekwisha kutembea vya kutosha." Akahesabu kwa vidole. Januari 2002, Nyiragongo ilipomwaga moto hadi katikati ya mji. Mwaka 2008, watu wa Rutshuru walipojaa Kibati. Mwaka 2012, walipojaa hapa Kanyaruchinya, kisha wote, wageni na wenyeji, wakashika njia ya Mugunga. Tarehe 22 Mei 2021, usiku, mlima ulipopasuka tena na barabara yetu ya Rutshuru ikakatwa na lava. Mwaka 2022, hema zilipoota tena juu ya mawe haya. Januari 2025, vita ilipoingia Goma, na baada yake kambi zikavunjwa, watu wakafunga tena mizigo yao. Vidole vya mkono mmoja vilikwisha, akahamia mkono wa pili.

Wasikilizaji, sikuwa na la kumbishia. Hapa kila mama anajua kufunga mzigo gizani: watoto kwanza, kisha sufuria, unga, blanketi, na karatasi za shule ndani ya plastiki. Lakini nilimjibu mzee hivi: Mzee, kule kote hatukusafiri, tulikimbia. Anayekimbia anaijua siku ya kuondoka tu. Anayesafiri anajua siku ya kurudi kabla hajafunga mzigo. Ninachotaka ni watu wetu waionje njia ambayo mwisho wake ni mlango wa nyumba yao wenyewe. Mzee alinyamaza kidogo, akasema, "Basi panga, tuone."

Na tupange.

Tuanze na maporomoko ya karibu. Ukishika barabara hii inayopita mbele yetu, ukapita Kibumba na Rumangabo, ukaenda kama kilomita 70 kutoka Goma, unafika Rutshuru. Huko kuna mto wenye jina hilohilo, na mto huo una maporomoko ambako watu wamekuwa wakienda kupunga upepo na kupiga picha. Mto Rutshuru unatoka Uganda, kwenye Ziwa Mutanda karibu na Kisoro, unaingia kwetu, unapita kando ya Hifadhi ya Virunga na ndani yake, na kumwagika katika Ziwa Edward.

Mto huo unatufanyia kazi kila siku, nasi hatuujui. Desemba 2015, karibu na Rutshuru, kilizinduliwa kituo cha umeme cha Matebe, chenye uwezo wa megawati 13.8, kilichojengwa chini ya mpango wa Hifadhi ya Virunga. Nguvu ya maji yanayoshuka huzungusha mashine, na umeme ukasafirishwa kwa nyaya hadi Goma. Umeme huo umewasha taa za mji, umesaga mahindi, na umeendesha pampu zinazopandisha maji ya Ziwa Kivu. Mtakumbuka mwishoni mwa Januari 2025, vita ilipoharibu laini ya umeme: pampu zilisimama, na watu wa Goma wakateremka ziwani na bidoni zao kuchota maji ya kunywa. Kwa hiyo yule msichana alistahili jibu refu kuliko alilolipata. Mto wenyewe hakuna aliyeufunga. Uliendelea kuanguka kule Rutshuru siku zote hizo. Kilichokatika ni waya, na waya ulikatwa na vita.

Ndiyo sababu nasema maporomoko ya kwanza ya mtoto wa Kanyaruchinya yangekuwa hayo. Kabla hajaona ya mbali, ajue maji anayochota asubuhi yalipandishwa na mto gani.

Naye ajue pia hifadhi anayokaa mlangoni pake. Virunga ilianzishwa tarehe 21 Aprili 1925, ikaitwa Parc Albert, nayo ni hifadhi ya taifa ya kwanza katika Afrika yote. Mwaka 1979 iliandikwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, na mwaka 1994 ikaongezwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Walinzi wake zaidi ya 200 wameuawa wakiwa kazini, na wengi wao ni watoto wa vijiji hivi vyetu. Miaka ya amani, tumeona magari yakipita hapa kwenda Kibati, yamebeba wageni wanaopanda Nyiragongo, mlima wa mita 3,470, walale ukingoni na kutazama moto ukichemka chini. Watoto wetu waliwapungia mikono. Baadhi ya vijana wetu walibeba mizigo yao hadi juu. Mgeni anavyofanana tunajua vizuri sana, ila sisi wenyewe bado hatujawa wageni mahali popote. Nataka siku moja mtu wa Kanyaruchinya naye apungiwe mkono na watoto wa mahali pengine.

Sasa twende mbali, kwenye yale ya kwenye video.

Kwanza tazameni njia ya maji, kwa sababu inatuhusu. Maji ya Rutshuru yakiingia Ziwa Edward hutoka kwa mto Semliki, yakateremka hadi Ziwa Albert. Katika Ziwa Albert hilohilo, upande wa kaskazini, ndimo unamoingia mto Nile ukitoka kwenye Maporomoko ya Murchison. Maana yake, mvua iliyonyesha nyuma ya volkano zetu na maji yaliyoanguka Murchison hukutana katika ziwa moja, kisha huenda pamoja hadi Misri. Mvua ya kwetu, upande huu wa kusini, inakwenda kwingine: inaingia Kivu, Ruzizi, Tanganyika, na hatimaye mto Kongo hadi bahari ya Atlantiki. Wanajiolojia wanaeleza kwamba zamani sana maji ya eneo hili la Kivu yalikuwa yakielekea kaskazini, mpaka volkano hizi zilipoota na kuziba njia. Lava ile inayotunyima kijito ndiyo iliyogeuza njia ya maji ya eneo zima.

Murchison yenyewe ikoje? Mto Nile, mto mpana, unafika mahali miamba imeacha upenyo wa mita 7 hivi tu. Mto wote unajisukuma humo na kuanguka kama mita 43. Aliyesimama juu yake anausikia mtikisiko kwenye nyayo, na rasharasha za maji zinamlowesha bila mvua. Kuna njia mbili za kuyaona. Moja ni kufika juu, pale upenyoni. Nyingine ni boti inayoondoka Paraa, inayopanda mto kwa taratibu, viboko na mamba wakiwa pande zote mbili, hadi inapoyakaribia maporomoko kutoka chini na nguvu ya maji inaizuia kwenda mbele. Kwenda na kurudi ni kama saa 3. Mwenye uwezo ayaone kwa njia zote mbili.

Maji hayo yanatoka Ziwa Victoria na kupitia Ziwa Kyoga, kwa hiyo hayakauki kiangazi. Hata jina lake la sasa lina historia. Mwaka 1864 Mwingereza Samuel Baker alifika akayapa jina la Murchison, aliyekuwa mkuu wa chama cha jiografia huko London, mtu ambaye hakuwahi kukanyaga hapo. Katika miaka ya 1970, utawala wa Idi Amin uliyaita Kabalega. Huyo Kabalega alikuwa Omukama wa Bunyoro, mfalme aliyepigana na Waingereza kwa miaka mingi. Walimkamata mwaka 1899 wakampeleka Ushelisheli, mbali kabisa baharini. Mwaka 1923 waliporuhusu arudi kwao, alifia njiani, Jinja, kabla ya kuiona Bunyoro. Baada ya Amin kuondoka, jina la Murchison likarudi. Mimi nikiyataja maporomoko hayo humkumbuka mzee huyo aliyeishia njiani, maana mtu wa Kanyaruchinya anaijua njaa ya kutaka kurudi.

Na si yeye peke yake. Mwanzoni mwa karne ya 20, kati ya 1907 na 1912, watu wa eneo hilo waliondolewa na serikali ya kikoloni kwa sababu ya ugonjwa wa malale. Nchi ikabaki tupu, wanyama wakaenea, na baadaye ikafanywa eneo la akiba la wanyama, kisha hifadhi ya taifa mwaka 1952. Ukifika pale ukaona pori zuri lenye twiga na tembo, kumbuka kwamba palikuwa na vijiji. Sisi tuliozoea kuhamishwa tutapaangalia kwa macho mengine kuliko mgeni aliyetoka mbali.

Mwaka 1962, mwaka ule ule Uganda ilipopata uhuru, mafuriko yalipasua njia ya pili kando ya upenyo wa kale, na maporomoko hayo mapya wakayaita Uhuru. Mwaka 2019 ulipotokea mpango wa kujenga bwawa la umeme hapo, wananchi wengi na watu wa utalii walipaza sauti kuyatetea. Mimi ninayesifu Matebe siwezi kusema umeme ni mbaya. Ninachosema ni kwamba maporomoko yanayotembelewa hupata watu wa kuyasemea. Yasiyojulikana huamuliwa na wachache, ofisini.

Haya, chukueni kalamu. Mpango wenyewe ndio huu.

Kwanza, kundi. Mtu mmoja hawezi, kumi wanaweza. Tunajua likelemba, na vikundi vya kuweka na kukopeshana vipo karibu kila mtaa. Fungueni sanduku la safari pembeni, lisichanganywe na pesa za ugonjwa wala za shule. Watu 10 wakiweka dola 2 kila juma, baada ya mwaka mmoja sanduku lina dola 1,040. Aliye na dola 1 aweke 1, naye atakwenda mwaka wa pili. Safari ya Rutshuru haihitaji kungoja mwaka. Na noti za dola mziangalie kabla ya kuzipokea sandukuni: iliyochanika hata kidogo inakataliwa hapa kwetu, sembuse ugenini.

Pili, hesabu ianzie mwisho. Pesa za kurudi zihesabiwe kwanza, ziwekwe kwenye bahasha yake, na bahasha ashike mtu ambaye wote mnamwamini. Isiguswe hata njaa ikiuma. Kisha ndipo mhesabu za kwenda, za kulala na za kula.

Tatu, karatasi. Pasipoti, na kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano, maana Uganda wanaidai. Nchi yetu iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Hifadhi za Uganda zina bei ya raia wa Jumuiya, iliyo chini kuliko ya wageni wengine, kwa shilingi za Uganda. Mkifika mlangoni, toeni pasipoti mkaulize bei hiyo kwa adabu na kwa kujiamini.

Nne, njia. Kuna ya Bunagana, na kuna ya kupitia Gisenyi, Musanze na Cyanika. Zote mbili zinakufikisha Kisoro. Hali hubadilika: waulizeni madereva waliopita juzi, na ikiwa njia si salama, sanduku lingoje. Maporomoko hayaendi popote. Kutoka Kisoro kuna basi la Kampala, karibu siku nzima au usiku mzima. Kutoka Kampala hadi Masindi ni kilomita mia mbili na kidogo, na Masindi ndipo pa kukodi gari la kundi zima, kwa sababu mbugani haturuhusiwi kutembea kwa miguu tunavyotaka. Ni siku 2 za barabara kwenda na 2 kurudi. Asiwadanganye mtu.

Tano, msimu na mavazi. Desemba hadi Februari, au Juni na Julai, barabara za mbugani huwa kavu. Kule ni chini, joto ni kali kuliko letu, basi makoti yetu ya baridi ya Nyiragongo yabaki nyumbani. Chukueni chandarua, na viatu visivyoteleza kwa ajili ya mawe yenye maji. Nguo za bluu iliyokoza na nyeusi ziacheni, kwa sababu mbung'o huzifuata.

Sita, na hili msilisahau: waageni jirani. Semeni siku mtakayorudi, mbele ya watu. Acheni ufunguo kwa mtu. Pandeni maharage kabla ya kuondoka, yawakute yameota. Sisi tulizoea kuondoka bila kuaga, kwa sababu kila jirani naye alikuwa akikimbia. Safari hii tuage.

Nasikia sauti ya mama mmoja akisema, "Wewe wa redio, watoto wangu hawajala vizuri tangu juzi, na wewe unanihubiria maporomoko." Mama, una haki, na siwezi kukuambia uchukue pesa ya unga uiweke kwenye safari. Anza na kile kisicholipiwa. Jioni, waeleze watoto mto Rutshuru unatoka wapi na unakwenda wapi. Wachoree kwa mkaa ukutani: Mutanda, Rutshuru, Edward, Semliki, Albert. Mtoto anayejua njia ya maji amekwisha kupewa nusu ya safari, na siku amani ikikaa, ataidai nusu iliyobaki.

Yule msichana nilimwona tena juma hili, kwenye mstari uleule. Nilimjibu swali lake kadiri nilivyoweza. Nikamwambia kule hakuna robine, maji yanaanguka usiku watu wakiwa wamelala, na asubuhi yanakutwa bado yanaanguka. Akafikiri. Akauliza kama tukienda ataruhusiwa kubeba bidoni yake, ile yenye uzi mwekundu, aijaze bure.

Nikamwambia hapana, hiyo itabaki nyumbani. Nataka mara moja katika maisha yake aende kwenye maji mikono mitupu, asimame, ayatazame hadi achoke, na arudi Kanyaruchinya bila kubeba kitu kichwani.